Cherehani Zimegawiwa, Mkasi Uko Wapi?

Kila Ramadhani inapokaribia kumalizika, na kila skuli zinapokaribia kufunguliwa, mafundi wa kushona wa Unguja na Pemba huwa hawalali. Kuanzia Mji Mkongwe mpaka Mkokotoni, na kuanzia Mkoani mpaka Wete, watu hupanga foleni kuulizia kanzu, magauni, mabaibui na sare za watoto. Kazi hii inalisha watu wengi visiwani mwetu, wake kwa waume, na ni miongoni mwa kazi chache ambazo kijana aliyemaliza skuli anaweza kuzianza nyumbani kwao bila ya kungoja kuajiriwa na mtu.

Kwa sababu hiyo hatushangai kuona kwamba Serikali, vyama vya ushirika na wahisani mbalimbali wamekuwa wakiwasaidia mafundi kwa kuwapatia cherehani. Sherehe za kukabidhi cherehani tumezizoea, na ni jambo jema ambalo hatuna budi kulishukuru. Lakini ipo zana moja ambayo katika sherehe hizo huonekana kwa nadra mno, na ikionekana huwa ni ya namna duni kabisa. Zana hiyo ni mkasi wa kukatia nguo. Leo tungependa kuizungumzia habari ya mkasi huo, kwa kuwa tunaamini kwamba kuudharau kunawatia mafundi wetu hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba nguo haianzi kwenye cherehani. Huanza juu ya meza, pale fundi anapotandaza kitambaa, akapima, akachora kwa chaki, kisha akatia mkasi. Mshono ukienda kombo hufumuliwa na kushonwa upya, na hasara yake ni uzi na muda. Mkato ukienda kombo haufumuliki. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kilichokwisha kukatwa vibaya ni vivyo hivyo: kanzu ya baba itageuka kuwa ya mtoto, au itageuka kuwa matambara, na fundi atalazimika kulipa kitambaa cha watu kutoka katika ujira wake mdogo.

Mkasi mbovu hauharibu kwa mara moja tu. Unapoburura kitambaa badala ya kukikata, tabaka la juu husogea na la chini hubakia mahali pake, hata vipande viwili vilivyokusudiwa kuwa sawa vikatofautiana. Fundi hugundua jambo hilo anaposhona ubavu wa gauni na kuona upande mmoja umezidi. Hapo huanza kuvuta na kukunja ili vilingane, na nguo inapofuliwa mara ya kwanza hupinda. Mteja humlaumu fundi, naye fundi huenda akailaumu cherehani yake, wakati asili ya kosa lote ni mkasi. Tukiongeza maumivu ya kiganja na ya kifundo cha mkono kwa mtu anayekata sare 50 au 60 kwa mkasi butu, tutaona kwamba jambo hili linahusu pia afya ya mfanyakazi.

Pengine msomaji atauliza: mkasi si mkasi tu? La. Mkasi wa fundi wa nguo ni zana ya namna yake. Kwa kawaida urefu wake ni inchi 8 hadi 12, na ile mikubwa huweza kufikia uzito wa karibu nusu kilo. Tundu moja la mpini ni dogo kwa ajili ya kidole gumba, na la pili ni kubwa ili vidole vingine viingie kwa pamoja. Mipini yake imepindishwa kwenda juu, ili bapa la chini lilale juu ya meza wakati wa kukata, na kitambaa kisinyanyuke. Mkasi wa karatasi hauna umbo hilo, na ndiyo maana hata ukiwa mkali vipi hauwezi kuifanya kazi hii ipasavyo.

Siri kubwa zaidi imo katika mabapa yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mabapa mawili ya mkasi yamenyooka na kwamba hugusana kote. Ukiufunga mkasi mzuri na kuuinua kwenye mwanga, utaona uwazi mwembamba baina ya mabapa hayo. Kila bapa limepindwa kidogo kuelekea mwenziwe, na upande wake wa ndani umechimbwa kidogo. Kwa hiyo wakati wa kukata mabapa hugusana katika nukta moja tu, na nukta hiyo husafiri kutoka kwenye parafujo ya katikati hadi nchani kadiri mkono unavyofumba. Nguvu yote ya mkono hukusanyika hapo. Mkasi ambao mabapa yake hayakupindwa sawasawa huuma kitambaa badala ya kukikata, hata kama makali yake yamenolewa yakang'ara.

Kazi ya kuyapatanisha mabapa hayo haikuwa rahisi kukabidhiwa mashine. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, ulioko katika nchi ya chuma na makaa, mafundi wa kupatanisha mikasi walikuwa tabaka maalumu, na kijana alihitaji miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa kuifanya kazi hiyo peke yake kwa nyundo ndogo na jicho lake. Sifa za mji huo zilizidi kukua tangu Benjamin Huntsman, ambaye asili yake alikuwa fundi wa saa, alipobuni katika miaka ya 1740 njia ya kuyeyusha feleji safi ndani ya vyungu. Kampuni ya William Whiteley ilianza kazi mwaka 1760, na ile ya Ernest Wright mwaka 1902. Hii ya pili ilifilisika mwaka 2018, na ujuzi wake ungaliweza kupotea kabisa kama wanunuzi wapya wasingalijitokeza mwaka huo huo, wakawarejesha kazini mafundi wazee ili wawafundishe vijana.

Uingereza haikuwa peke yake. Huko Newark, Marekani, mhamiaji mmoja aliyeitwa Rochus Heinisch alijipatia jina katika karne ya 19 kwa mikasi yenye mipini iliyopindishwa ili kuufaa mkono wa fundi. Jacob Wiss, aliyetoka Uswisi, alianzisha karakana yake katika mji huo huo mwaka 1848, na jina la Wiss hadi leo linajulikana na washoni wa nchi nyingi. Ujerumani nako kuna mji wa Solingen, ambao jina lake limekuwa kama dhamana ya visu na mikasi. Uchina, katika mji wa Hangzhou, jina la Zhang Xiaoquan limekuwa likitajwa katika biashara ya mikasi tangu mwaka 1663. Tunaitaja Uchina kwa makusudi, kwa sababu imekuwa desturi kwetu kusema kwamba mkasi fulani ni mbaya kwa kuwa umetoka huko. Ubora hauangalii nchi ilikotoka bidhaa. Unategemea chuma kilichotumika, na mikono iliyokipitia chuma hicho.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Japani. Mwaka 1876 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kutembea na panga hadharani, na wahunzi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakajikuta hawana soko. Wakati huo huo mavazi ya Kizungu yalikuwa yakienea, na mikasi mizito iliyoagizwa kutoka nje iliwachosha mafundi wa Kijapani. Mhunzi Yoshida Yakichi, aliyekuwa amejifunza kufua panga, anasifiwa kwa kuusanifu upya mkasi huo ili uwe mwepesi na uwiane na mikono ya watu wake. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa sanaa ya mikasi ya nguo ya Tokyo, ambayo leo inatafutwa na mafundi wa mataifa mengine. Wajapani hawakuishia kulalamika kwamba mkasi wa kigeni hauwafai. Walianza kwa kuufahamu, wakaendelea kwa kuutengeneza na kuunoa, na mwisho wakatengeneza wa kwao.

Sasa turejee kwetu. Mtu anayetafuta mkasi mzuri katika maduka yetu hukabiliwa na matatizo matatu. Tatizo la kwanza ni kwamba mikasi mingi iliyopo ni ya bei rahisi, yenye mabapa yaliyokatwa kwenye bamba jembamba na kufungwa kwa ribiti. Ribiti ikilegea haikazwi, na mkasi huo haufunguliki ili usafishwe. Tatizo la pili ni udanganyifu. Maneno ya sifa na majina ya miji mashuhuri hupigwa mhuri juu ya chuma dhaifu, na mnunuzi asiyejua hulipa fedha ya jina. Tatizo la tatu ni bei ya ile mikasi ya kweli. Mkasi wa fundi uliotengenezwa kwa mikono huko Sheffield huzidi pauni 100 kabla haujasafirishwa wala kulipiwa ushuru. Fedha hizo si za kuchezewa na fundi anayeshona kibarazani.

Katika tatizo hilo la udanganyifu, Wajerumani walichukua hatua inayofaa kuigwa. Tangu mwaka 1938 jina la Solingen limelindwa kwa sheria, na haruhusiwi mtu kulipiga juu ya kisu au mkasi ambao hatua zake kubwa za utengenezaji hazikufanyika katika eneo hilo. Sisi hatuna mikasi yetu ya kulinda jina lake, lakini tunao wanunuzi wa kuwalinda. Zanzibar inayo Taasisi ya Viwango, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tunafahamu kwamba kazi zake ni nyingi, na kwamba chakula, dawa na saruji ndivyo vinavyotangulia machoni mwa watu. Hata hivyo zana ya kazi ikiwa ya udanganyifu humnyang'anya mtu riziki yake, na kwa hiyo nayo inastahiki kutazamwa bandarini.

Kabla ya kuitaka Serikali ifanye lolote, ni wajibu mafundi wenyewe wajue namna ya kuchagua. Mwenye kwenda kununua mkasi achukue vipande vya vitambaa mfukoni mwake: kimoja chepesi kama chifoni au hariri, kingine kizito kama dengirizi iliyokunjwa mara mbili au zaidi. Akate kwa urefu wote wa bapa, na aangalie zaidi nchani, kwa kuwa mikasi mingi hukata vizuri katikati na kushindwa mwishoni. Kisha akate kipande cha pamba kilicholowana. Mkasi unaokata kitambaa chepesi na cha majimaji bila ya kukitafuna ni mkasi wa kweli. Aufunge na kuuangalia kwenye mwanga, kama tulivyoeleza. Asikilize pia sauti yake, ambayo inapasa iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kukwaruza. Na aangalie kama umefungwa kwa parafujo na nati zinazoweza kukazwa, au kwa ribiti isiyogusika. Muuza duka anayekataa mkasi wake ujaribiwe amekwisha kumjibu mnunuzi.

Si lazima kila mtu anunue ule wa bei kubwa. Tangu mwaka 1967, kampuni ya Fiskars ya Finland ilipotoa mkasi wenye mpini wa plastiki ya rangi ya chungwa, imedhihirika kwamba mkasi mwepesi wenye mabapa ya chuma kisichoshika kutu unaweza kuwa wa kutegemewa katika kazi za nyumbani na za mwanafunzi. Chuma hicho kinafaa hasa kwa watu wa visiwani, ambao hewa yao ina chumvi. Ile feleji ya asili hushika makali makali zaidi na huyahifadhi kwa muda mrefu, lakini ikiachwa usiku mmoja wa masika juu ya meza yenye unyevu huanza kutia madoa ya kutu. Mwenye mkasi wa namna hiyo hana budi kuupangusa kwa kitambaa kikavu kila anapomaliza kazi, autie tone la mafuta ya cherehani penye parafujo, na auweke ndani ya kitambaa chenye mafuta kidogo. Mkasi wa nguo usikatiwe karatasi, wala nailoni ya kufungia mizigo, wala waya. Na usiangushwe sakafuni, kwa kuwa pigo moja huweza kuyapotosha mabapa ambayo fundi mwingine aliyapatanisha kwa saa nzima.

Lipo jambo jengine ambalo huenda likawa kubwa kuliko yote, nalo ni kunoa. Hata mkasi bora hufikia siku ya kwisha makali, na siku hiyo mwenyewe hulazimika kumtafuta mnoaji. Wanoaji wetu wamezoea visu, mapanga na mashoka, na kazi hiyo wanaifanya vyema. Lakini mkasi haunolewi kama kisu. Hunolewa upande wa nje tu, kwa kufuata ule mwinamo uliokuwapo. Upande wa ndani ukisuguliwa, lile shimo dogo la bapa hutoweka na mkasi haukati tena. Aidha, ukibanwa kwenye cherehe inayozunguka kwa kasi bila ya maji, chuma hupata moto hadi kugeuka rangi ya samawati, na ugumu wake hupotea mahali hapo. Mikasi mizuri mingi imekufa kwa namna hiyo mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa. Hivyo basi, hata tukiagiza mikasi ya Sheffield au ya Tokyo kwa shehena nzima, kama hakuna ajuaye kuinoa tutakuwa tumejaza maji katika pakacha.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni maneno ya bure, kwa kuwa nguo za mitumba na zile zilizokwisha kushonwa viwandani zinaingia kwa wingi na kwa bei ambayo fundi wa hapa hawezi kushindana nayo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaelekea upande wetu. Fundi wa visiwani hawezi kukishinda kiwanda kwa bei. Atakishinda kwa nguo inayomkaa mtu mwilini mwake, na kwa kazi ambazo kiwanda cha mbali hakizijui. Kanzu ya kazija, yenye darizi yake iliyofumwa kwa subira kifuani, haivumilii shingo iliyokatwa kombo. Mgeni anayenunua nguo Mji Mkongwe naye huangalia ukingo na mshono kabla ya kutoa fedha zake. Ubora ndiyo silaha pekee iliyobaki, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Wengine watasema kwamba wazee wetu walishona kwa mikasi yoyote waliyoipata na kazi zao zilisifiwa. Ni kweli kwamba ujuzi huweza kufidia upungufu wa zana. Lakini ni kwa gharama ya nguvu na macho ya fundi mwenyewe, na mwanafunzi anayeanza hana ujuzi huo wa kufidia. Kumpa mtoto wa miaka 17 mkasi butu ni kumfundisha kwamba yeye hana mkono wa kazi. Wapo pia wanaotumia mkono wa kushoto, ambao kwao mkasi wa kawaida hukisukuma kitambaa na kuuficha mstari wa chaki. Hao huhitaji mkasi uliogeuzwa mabapa yake, na katika madarasa mengi huambiwa tu wabadilishe mkono.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hatuoni kama yanahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mradi unaogawa cherehani, uwe wa Serikali au wa wahisani, uambatanishe na kila cherehani mkasi mmoja wa kukatia uliojaribiwa na mtu anayejua kushona, na isiwe mkasi uliochaguliwa na karani wa manunuzi kwa kuangalia bei ya chini kabisa katika orodha. Pili, vituo vya mafunzo ya amali viifanye kazi ya kunoa na kurekebisha mikasi kuwa somo kamili, si maneno ya dakika tano. Vijana wachache kutoka Unguja na Pemba wakijifunza kazi hiyo vizuri, watakuwa wamepata riziki yao, na watakuwa wameokoa mikasi ya mamia ya wenzao. Tatu, mafundi wajiunge katika ushirika na kuagiza mikasi kwa pamoja, kwa kuwa fundi mmoja hawezi kuzungumza na kiwanda cha ng'ambo, lakini mafundi 100 wanaweza. Nne, wizara zinazohusika ziangalie upya kodi na ushuru unaotozwa juu ya zana za mikono za mafundi, zikitenganisha baina ya zana ya kazi na bidhaa ya starehe.

Waheshimiwa wanaosimamia manunuzi ya umma tungependa kuwakumbusha jambo moja la hesabu. Mkasi wa bei rahisi unaotupwa kila baada ya miezi michache hununuliwa mara nyingi ndani ya miaka mitano. Mkasi imara unaonolewa na kukazwa ipasavyo huweza kumtumikia fundi miaka mingi, na mara nyingine hurithiwa. Katika vitabu vya hesabu mkasi wa kwanza huonekana kuwa ni nafuu kwa sababu gharama yake haiandikwi mahali pamoja. Kitambaa kilichoharibika hakimo katika vitabu hivyo kabisa, kwa kuwa aliyekilipia ni fundi.

Visiwa vyetu vimefahamika kwa karne nyingi kuwa ni mahali pa watu wanaojua kuvaa, na sifa hiyo haikuletwa na vitambaa peke yake, ambavyo vingi vilitoka Bara Hindi, Marekani na kwengineko. Ililetwa na mikono ya watu waliovikata na kuvishona hapa hapa. Mikono hiyo bado ipo, na vijana wanaotaka kuirithi wapo pia. Tunawaomba wanaopanga bajeti na miradi ya mwaka ujao wa fedha wasiandike neno cherehani katika karatasi zao bila ya kuandika neno mkasi ubavuni mwake.